Mguu Ukivunjika Kikole: Bei ya Msumari na Bei ya Kitanda

Mtu akivunjika paja kijijini, hesabu inaanza kabla hajanyanyuliwa pale chini. Nani ana pikipiki yenye mafuta? Nani ataacha shamba aende kumuuguza? Tuna ndugu Kivinje, Lindi, au wote wako Mbagala, Dar es Salaam? Bei ya upasuaji huulizwa mwisho kabisa, wakati fedha nyingi zimeshatoka mfukoni bila daktari kugusa mfupa.

Kikole ni kijiji cha bara wilayani Kilwa, si cha ufukweni. Watu wake wanalima ufuta, korosho na mihogo, na wana msitu wa mpingo ambao nitaurudia baadaye. Ajali zake ni zile za kusini yote: bodaboda iliyopishana na lori usiku, kijana aliyeanguka juu ya mwembe, mpasuaji mbao aliyeangukiwa na gogo. Tumchukue dereva mmoja wa bodaboda, tusimpe jina, mfupa wa paja umekatika katikati, ngozi haikutoboka. Tumpitishe katika njia zote zilizo mbele yake, tukihesabu kila moja inamgharimu nini yeye na inaigharimu nini hospitali. Hesabu hizo mbili hazifanani, na humo ndimo shida yote ilimo.

Njia ya kwanza haina lami wala risiti. Muunga mifupa anakuja nyumbani, anafunga banzi za mianzi na kitambaa, anakanda kwa mafuta, anapokea kuku na fedha kidogo, nyingine mpaka ufuta uuzwe. Wanaomcheka muunga mifupa hawajawahi kutafuta nauli ya watu watatu saa nne usiku. Anakopesha, anafika, hamfungii mtu geti saa ya kuona wagonjwa ikipita. Kwa mkono wa mtoto uliopata ufa, mara nyingi mfupa utaunga, maana mfupa hujiunga wenyewe ukitulizwa. Paja ni jambo jingine. Misuli ya paja ina nguvu kuliko banzi yoyote; inavuta vipande viwili vya mfupa mpaka vinapandana, na mguu unaunga ukiwa mfupi, umepinda. Banzi ikikazwa sana damu inakatika, vidole vinapoa, vinakufa ganzi, vinageuka rangi. Akifika hospitali wiki mbili baadaye na mguu unanuka, kinachozungumzwa tena si kuunga. Ni kukata. Hapo kuku amekuwa ndiye matibabu ghali kuliko yote, na hospitali nayo imepokea mgonjwa wa upasuaji mkubwa, damu na antibiotiki mahali pa mgonjwa wa mfupa mmoja.

Njia ya pili inaanza na mshikaki. Dereva mbele, majeruhi katikati, shemeji nyuma amemkumbatia asianguke, mguu umefungwa kwa kanga unaning'inia. Kila shimo la barabara linasaga mfupa. Paja lililovunjika linaweza kumwaga lita nzima ya damu na zaidi ndani ya nyama, usione hata tone nje. Kama lazima pikipiki itumike, au hata gari la mizigo, mguu mbovu ufungwe na ule mzima kuanzia nyonga hadi kifundo, kanga nne au tano, mto katikati ya magoti. Haigharimu kitu, na ni huduma ya kwanza ambayo hospitali yoyote ingeilipia kwa furaha kama ingeweza.

Ninachokionea wivu hapa ni mfumo wa m-mama. Tangu ulipozinduliwa kitaifa mwaka 2022, kwa mjamzito mwenye dharura au mtoto mchanga inapigwa simu 115 bila malipo, dereva wa jamii au gari la wagonjwa linatafutwa, na dereva analipwa na Serikali. Mfumo upo, namba ipo, madereva wamesajiliwa. Lakini aliyevunjika paja anajitegemea. Nauli yake inapangwa pale pale na mwenye gari, kwa kumtazama usoni.

Kituo cha kwanza chenye maana ni Hospitali ya Wilaya, Kinyonga, iliyoko Kilwa Kivinje. Na hapa pana karatasi inayowapotezea watu saa nyingi bure: PF3, fomu namba tatu ya polisi. Aliyeumia kwa ajali au kipigo anahitaji fomu hiyo, kwanza kwa ajili ya kesi na madai ya bima. Haiuzwi. Mgonjwa wa dharura hapaswi kulala benchi akiingoja; mtu mmoja aende polisi, mwingine abaki naye. Na chombo kilichomgonga kama kina bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, PF3 na taarifa ya trafiki ndiyo tiketi ya kudai. Nimeona familia zikimaliza ugomvi na mwenye gari kwa laki mbili papo hapo, wakashikana mikono, na miezi mitatu baadaye mguu haujaunga na mwenye gari hapokei simu. Msisaini suluhu barabarani.

Sasa tufike wodini, maana ndipo biashara yenyewe ilipo.

Kwa paja la mtu mzima kuna matibabu mawili makuu. La kwanza ni kuvuta. Daktari anapitisha pini ya chuma chini ya goti kwa ganzi ya sindano, anafunga kamba inayopita juu ya gurudumu dogo miguuni mwa kitanda, na mwisho wa kamba unaning'inia uzito: chuma kama kipo, na kama hakipo, mfuko wa mchanga au dumu la maji lililopimwa. Mwisho wa kitanda unainuliwa juu ya matofali ili mwili wa mgonjwa wenyewe uvute upande wa pili. Kisha anangoja. Wiki 6, wiki 8, mara nyingine 12. Chooni haendi, chombo kinaletwa. Kugeuka hageuki vizuri. Muuguzaji anamfuta mgongo kwa kitambaa asipate vidonda, anapeperusha nzi, anakimbilia kwa mama ntilie, anarudi kuangalia kama mtoto wa jirani hajachezea kamba.

La pili ni msumari. Mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji, msumari mrefu wa chuma unapitishwa ndani ya uwazi wa mfupa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, unafungwa kwa skrubu juu na chini. Siku chache baadaye anasimama kwa magongo.

Kwa kutazama tu, kuvuta ni kwa maskini na msumari ni kwa tajiri. Hesabu zinasema vingine. Watafiti waliopima gharama katika hospitali moja ya majeruhi nchini Kambodia, wakachapisha mwaka 2009, walikuta mgonjwa wa kuvutwa anagharimu dola 1,107 na wa msumari dola 888. Tofauti ni dola 219. Tukiichukua dola kwa shilingi 2,500 kwa urahisi wa hesabu, hizo ni shilingi 547,500 zinazookolewa kwa kila mguu kwa kuchagua kile kinachoonekana ghali.

Karibu zaidi na sisi ni MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikaa pale na saa mkononi, ukahesabu msumari wa paja unaigharimu taasisi kiasi gani, pamoja na mishahara, dawa na vifaa. Jumla ilikuwa dola 530.87 kwa mgonjwa, kwa hesabu yetu takribani shilingi 1,327,000. Msumari wenyewe dola 134.10. Dawa dola 106.86. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa wahudumu wa wodini, dola 144.47. Yaani katika matibabu ya chuma, chuma si kitu ghali kuliko vyote. Ghali ni mhudumu anayemwangalia mgonjwa kitandani, na gharama yake huongezeka kwa kila siku. Mgonjwa akikaa siku mara tano, zidisha.

Jambo jingine la kuangalia ni vifaa vya kudumu vya chumba cha upasuaji. MOI wagonjwa hawakatiki, na kila mmoja anabeba kipande kidogo cha bei ya mashine. Mashine hiyo hiyo ukiipeleka hospitali ya wilaya inayopata mapaja machache kwa mwezi, kila mgonjwa atabeba kipande kikubwa zaidi, na kwa siku nyingi mashine italala imefunikwa shuka. Kwa hiyo sisemi kila hospitali ya wilaya iwe MOI. Nasema kusini kuwe na mahali pawili au patatu panapopiga msumari kila wiki, na njia ya kufika hapo isiwe mnada.

Mbona basi hospitali nyingi bado zinavuta? Wengine watasema ujinga au uvivu. Mimi nasema ni mifuko miwili. Mshahara wa muuguzi wa hospitali ya Serikali unatoka Hazina. Mgonjwa akilala siku 10 au 56, daktari mfawidhi haoni shilingi ikitoka kwenye akaunti ya hospitali yake. Msumari, skrubu, dawa ya usingizi, oksijeni na nyuzi vinataka fedha ya leo, kutoka makusanyo yale yale ambayo msamaha, wagonjwa wasio na kitu na waliotoroka usiku na plasta mguuni vimeshayatafuna. Mtu yeyote mwenye daftari la aina hiyo angevuta. Gharama haijapungua. Imehamishwa kutoka daftari la hospitali kwenda kwenye jamvi la muuguzaji.

Tuihesabu hapo kwenye jamvi. Tuseme muuguzaji na mgonjwa wanakula kwa shilingi 6,000 kwa siku, chai asubuhi na wali maharage mara moja, bila anasa. Kuvutwa wiki 8 ni siku 56: shilingi 336,000. Msumari na siku 10 wodini: shilingi 60,000. Rudi juu uangalie tena bei ya msumari MOI. Dola 134.10 ni shilingi 335,250. Fedha aliyopewa mama ntilie ingenunua msumari na kubaki shilingi 750 ya chai. Hapo sijahesabu shamba la muuguzaji lililoota magugu, wala pikipiki iliyopaki miezi mitatu huku mwenye mkataba anadai hesabu ya kila siku.

Na kitanda kile kimoja, kwa siku 56, kingepokea watu watano wa msumari na nusu ya wa sita.

Upo msumari ambao hospitali haiununui kabisa. Daktari Lewis Zirkle wa Richland, jimbo la Washington nchini Marekani, alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN, linalotengeneza msumari unaoweza kuwekwa bila ile mashine ghali ya eksirei inayomwonyesha daktari mfupa wakati anapasua. Tundu za skrubu zinatafutwa kwa fremu ya nje inayolingana na msumari. Hospitali zilizofundishwa hupewa bure, kwa sharti la kutuma taarifa na picha za kila mgonjwa. MOI ni miongoni mwa waliozitumia sana. Bure haimaanishi mgonjwa halipi kitu, kwa kuwa chumba, dawa na daktari vipo pale pale. Lakini mtu akikuambia msumari hauwezekani bila mashine ya mamilioni, hajakuambia yote.

Mfupa ukitoboa ngozi, hasa wa muundi, mambo hubadilika. Hapo kuna vyuma vya nje, vile ambavyo wodini vimepewa jina la antena. Vinawekwa haraka, na daktari wa kawaida aliyefundishwa anaweza. MOI na wenzao walifanya jaribio la wagonjwa 240 wa muundi uliotoboa, likachapishwa 2020, wakilinganisha msumari na antena. Kwa vifo na kurudi tena chumba cha upasuaji hawakukuta tofauti ya kutegemewa. Msumari uliacha miguu iliyonyooka zaidi, na wagonjwa wake walikuwa na hali nafuu katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo ukikuta hospitali yenye antena tu na jeraha liko wazi, usihamishe mtu kwa kiburi cha kutaka msumari. Kuoshwa jeraha mapema na kupata antibiotiki mapema kunashinda jina la chuma.

Dereva wetu sasa ana karatasi ya rufaa mkononi. Aende wapi? Rasmi, Sokoine, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Lindi, zaidi ya kilomita 150 kutoka Kivinje. Mbele ya Lindi kuna hospitali za Kanisa Katoliki, Nyangao na Ndanda, kwenye barabara ya Masasi, ambazo wenyeji wengi wanaziamini kwa upasuaji. Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kaskazini, Dar es Salaam, kuna MOI, kama kilomita 300. Ukiangalia ramani, kutoka Kilwa kwenda Mtwara na kwenda Dar karibu ni sawa. Watu huchagua Dar, na si kwa sababu ya madaktari peke yake. Ni kwa sababu ya Mbagala. Kila nyumba ya Kilwa ina mjomba au shangazi Mbagala, na chumba cha mjomba hakina bei ya siku. Hiyo ni hesabu halali kabisa. Nimeitaja kwa sababu wapangaji wa rufaa hawaiandiki popote. Ila barabara nayo ina kauli yake: Mei 2024, baada ya mvua na kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga, na Dar ikawa mbali kuliko Mtwara kwa yeyote.

Kabla ya kupanda gari, mmoja wa familia apige simu au amwombe daktari apige, aulize maneno haya bila aibu: huko mnapiga msumari au mnavuta? Daktari wa mifupa yupo wiki hii? Foleni ya chumba cha upasuaji ni siku ngapi? Kulala wiki tatu mjini ukisubiri zamu kunarudisha gharama zote za kuvutwa. Waje pia ndugu wawili wenye afya wa kuchangia damu. Damu haiuzwi, na anayekuuzia anakuibia.

Bima sasa. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyoanza 2018, iliweka shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Gawanya gharama ile ya MOI kwa 30,000: ni michango ya miaka 44. Kwa bei hiyo, hakuna kilichoikaribia. Udhaifu wake ulikuwa mipaka. Kadi ya CHF ilikufikisha Sokoine, haikukufikisha MOI, na ukiruka ngazi bila karatasi ya rufaa ilibaki kuwa plastiki. Dawa isipokuwepo dirishani, utaambiwa ukanunue nje, kadi au bila kadi. Bado, kwa mtu wa Kikole, bima ya namna hiyo ningeichukua na kupanga safari zangu kuifuata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mpangilio na viwango, kwa hiyo bei ya leo iulizwe kwa mtendaji wa kata, si kwa jirani aliyekata miaka mitatu iliyopita. Asiyekuwa na kitu kabisa aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku anayolazwa, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Siku ya kuruhusiwa ni kuchelewa. Hapo ndipo watu wanatoroka, na aliyetoroka harudi kliniki kuangaliwa mguu.

Mwaka 2015 Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilikadiria kuwa kila mwaka watu milioni 33 duniani huporomoshwa na malipo ya upasuaji wenyewe, na wengine milioni 48 na nauli, chakula na malazi ya kuufuata. Wanaoangushwa na nauli ni wengi kuliko wanaoangushwa na kisu. Bima zetu zinalipia kisu, si nauli.

Ndiyo maana narudi msituni. Kikole, pamoja na Kisangi, ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa msitu wake wa kijiji, kwa msaada wa shirika ambalo leo ni MCDI la Kilwa Masoko; walikuwa wa kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Gogo la mpingo linauzwa na kijiji chenyewe, fedha inaingia akaunti ya kijiji, na mkutano mkuu ndio unaoamua. Vijiji vingi vya Tanzania havina kitu cha namna hiyo. Ombi langu kwa mkutano ujao ni dogo: kabla ya kupanga jengo, litengwe fungu la nauli ya dharura, awe na daftari mtu mmoja anayejulikana, na dereva mmoja wa gari aliyekubaliana bei mapema, usiku na mchana. Na wewe mwenye kaya, ufuta ukishauzwa mnadani na fedha ikaingia kwenye simu, lipia kadi ya bima ya nyumba siku hiyo hiyo, kabla hujaenda dukani kuulizia bati.